Milio Minne Nyumbani kwa Gaspard

Kazi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya Patrick, na Patrick hajawahi kumpa mtu kazi. Tunatazamana barabara moja hapa mtaani Bwiza, yeye na banda lake la kompyuta, mimi na langu, na miaka sita yote amekuwa akiwaambia wateja wangu kwamba mwanamke hajui kushika bisibisi. Sasa siku ile, saa kumi jioni, anavuka barabara, anasimama mbele ya meza yangu, macho yako chini.

"Houda, kuna kompyuta kule mtaa wa Mutanga Sud. Inawaka, lakini kioo kinabaki cheusi. Mi nimeshindwa."

Ningekuwa na akili ningemuuliza kwa nini hanitazami. Lakini nina kiburi, sikatai. Nilisikia neno moja tu, kwamba Patrick ameshindwa, na roho yangu ikafurahi. Nikachukua mfuko wangu wa vyombo.

Kabla sijaendelea, kuna mambo mawili mnapaswa kuyajua, maana bila hayo mtaniona mwendawazimu.

La kwanza, nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Kabla yake zilitoka mbili, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza tumboni, na baada ya ile, Hamimu, mume wangu, alikaa wiki nzima akitazama ukuta. Hii ya tatu tuliificha. Hata mama yangu, tunayeishi naye nyumba moja, hatukumwambia. Bwiza mimba ikijulikana mapema kila jicho linaingia. Nilikuwa navaa abaya pana, nabeba vitu vizito ili watu wasishuku, na usiku namuomba Mungu aniachie huyu mmoja tu. Sikutaka kitu kingine duniani.

La pili, kwetu watu hawahesabiwi kwa mdomo. Muulize mama yangu ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo." Wakati wa kula hahesabu vichwa, anahesabu sahani. Nilikuwa namcheka. Aliyenifundisha ufundi, marehemu mzee Ilias, alinizoesha kinyume chake. Kompyuta ikikataa kuonyesha picha, inalia. Ndani yake kuna kengele ndogo kama kifungo cha koti. Mlio mmoja mfupi, mambo ni salama. Milio mingi, kila idadi na ugonjwa wake. Mzee Ilias alikuwa akisema, "Hesabu kwa mdomo, sauti itoke. Sikio peke yake linadanganya." Miaka kumi na miwili nahesabu hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba kuhesabu milio na kuhesabu watu ni jambo moja.

Mafuta ya magari hayakuwepo mjini, kwa hiyo nikatembea kwa miguu hadi Mutanga Sud. Nilifika jua likianza kushuka upande wa ziwa. Ilikuwa nyumba ya matofali yenye geti la bati la kijani, na ua uliofagiliwa hadi hauna jani. Aliyenifungulia alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa nguo ya msiba, macho makavu na makali.

"Nilimuambia Patrick atume fundi."

"Ndiye mimi, madamu."

Alinitazama kutoka kwenye hijabu hadi kwenye viatu.

"We?"

"Kama unamtaka Patrick, nitarudi. Yeye ameshasema ameshindwa."

Akasogea pembeni nipite, bila karibu, bila salamu. Huyo ndiye Dative, mke wa marehemu. Mumewe Gaspard alikuwa amekufa ghafla, na Jumamosi familia ilikuwa inaondoa msiba. Walihitaji picha yake kubwa ya kuweka mbele ya wageni, na picha zake zote zilikuwa ndani ya kompyuta ile.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, kwenye meza ndogo pembeni. Mbele yake, kwenye kiti cha marehemu, alikaa mwanamke mzee, mwembamba, rozari mkononi. Hakuinuka.

"Huyu ni mama mukwe wangu," Dative akasema. "Mama, ni fundi."

"Namuona," akajibu mzee. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama tumbo langu.

Nikavuta mfuko mbele.

Wakaniletea Fanta. Chupa ilikuwa tayari imefunguliwa huko ndani, na mji huu, kwa hofu ya sumu, hakuna mtu anayekunywa chupa ambayo hakuona ikifunguliwa. Nao wanajua kwamba najua. Nikasema asante, nikaiweka sakafuni, na pale ilibaki. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Nikawasha. Feni ikazunguka. Taa ya kioo ikawaka rangi ya chungwa, ikapepesa, na kioo kikabaki cheusi. Kisha ikalia. Tit. Tit. Tit. Tit.

"Moja, mbili, tatu, nne," nikahesabu.

Dative akageuka upesi.

"Apana. Usihesabu kwa mdomo humu ndani."

"Madamu, ndivyo ninavyofanya kazi."

"Si kwa nyumba yangu. Gaspard alikuwa anafanya kazi ya kuhesabu watu, nyumba kwa nyumba, na karatasi mukononi. Alikuwa anaingia kwa watu na kuwauliza, muko wangapi, anawaandika. Mama alimukataza. Alirudi siku moja akakaa kwenye kiti kile, akafungua hii masini aandike watu wa nyumba yake mwenyewe, hakumaliza. Tulimukuta ameinamia meza."

"Pole," nikasema, na nilisema kwa moyo.

"Pole yako sitaki. Tengeneza."

Haya. Nikakaza meno nikatengeneza. Nikachomoa waya wa kioo, nikauchomeka kwenye kompyuta yangu ndogo, kioo kikaonyesha picha safi kabisa. Maana yake kioo ni kizima, ugonjwa uko kwenye sanduku. Nikarudisha waya, nikalifungua. Vumbi, nywele za paka, na harufu… harufu ya udongo uliochimbwa saa ile ile. Kompyuta ya kukaa ndani haina harufu hiyo. Nikatoa vipande vya memori, nikavisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Nikawasha.

Tit. Tit. Tit. Tit.

Nikabadilisha betri ndogo ya saa, maana milio minne mara nyingi ni habari ya betri ile. Nikawasha. Minne. Nikatia memori yangu mwenyewe, mpya. Minne. Mzee alikuwa anasogeza shanga za rozari moja moja, na nikagundua kwamba anazisogeza nne, anasimama, nne, anasimama.

"Fundi wa kwanza alisema kweli," akasema polepole. "Na hakutengeneza kitu."

Sikumuelewa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa inakwenda kwenye mikono. Nikachomoa ile kengele ndogo kwenye ubao. Nilisema moyoni, kama ni kelele zinazonichanganya, basi nitafanya kazi kimya. Nikaishika kiganjani. Nikawasha.

Tit. Tit. Tit. Tit.

Kengele ilikuwa mkononi mwangu, haijaunganishwa na kitu. Na sauti haikutoka mkononi.

Ilitoka kule ndani, kwenye sanduku, chini kabisa.

Nikasema bismillahi, nikaiweka kengele mezani. Na wakati huo huo, kwa bahati au si kwa bahati, umeme ukakatika. Feni ikapungua, ikapungua, ikasimama. Taa ya chungwa ikazimika. Nje adhana ya magharibi ikasikika mbali, upande wa Buyenzi, na sebule ikajaa kile kiza cha jioni ambacho unaona vitu lakini huoni sura.

"Natafuta mushumaa," Dative akasema, na nikasikia ndala zake zikienda jikoni.

Tukabaki wawili. Nikaanza kukusanya vyombo vyangu kwa kupapasa. Nitarudi kesho, nilijiambia. Au sitarudi kabisa, Patrick na anicheke.

Tit.

Nikasimama.

Tit. Tit… Tit.

Umeme haupo. Waya wa ukutani nilikuwa nimeshauchomoa mimi mwenyewe, ulikuwa umelala juu ya kiatu changu.

"Anauliza," mzee akanong'ona.

"Nani?"

"Mwanangu. Anauliza tuko wangapi. Ndiyo hesabu hakumaliza. Atauliza kila siku mupaka mutu amujibu."

"Mjibu wewe, mama. Ni mwanao."

"Sauti yangu anaijua. Anataka ya mugeni." Kiti kikalia. Alikuwa ameinama kuelekea kwangu, na harufu ya udongo ilikuwa kwenye pumzi yake. "Fikiri vizuri, mwanangu. Mi hapa. We hapo. Mukwe wangu jikoni. Tuko watatu. Yeye amepiga ine. Wa ine ni nani?"

Mkono wangu ukaenda tumboni peke yake. Sikuutuma.

"Aa," akasema mzee, taratibu. "Kumbe."

Nataka mnielewe. Nilikuwa nimesimama kwenye kiza, kwenye nyumba ya watu wanaonichukia, na kitu ambacho hata mama yangu hakijui kilikuwa kimetajwa na sanduku la chuma. Nilifikiria zile mbili zilizotoka. Nilifikiria Hamimu amekaa kitandani anatazama ukuta. Nikasema moyoni, huyu hamumpati. Huyu simhesabu, hata mkinichinja.

Tit. Tit. Tit. Tit.

"Mujibu," mzee akasema. "Ukimutaja amemuona. Usimutaje. Sema hesabu bila yeye."

Na mimi, fundi, mwenye kiburi, niliyekuwa nikimcheka mama yangu na sahani zake, nikafungua mdomo.

"Tatu," nikasema. "Tuko watatu."

Nikangoja mlio unaofuata.

Kisha umeme ukarudi. Taa ya sebule ikawaka, friji jikoni ikaanza kuvuma, na kompyuta, ambayo waya wake ulikuwa bado juu ya kiatu changu, ikatoa mlio mmoja. Mmoja mfupi. Mambo ni salama.

Kioo kikawaka.

Ilikuwa picha ya familia. Dative anacheka, sikujua kwamba anaweza kucheka. Mwanaume mrefu mwenye mwanya, huyo bila shaka ndiye Gaspard. Na mabegani kwake, amemshika masikio yote mawili, mtoto wa kike wa miaka minne au mitano, gauni la njano.

Dative alikuwa amefika mlangoni na mshumaa wake. Aliona picha, akaweka mkono mdomoni, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea.

"Asante, dada," akasema.

"Huyu mtoto…" nikagusa gauni la njano kwenye kioo. "Huyu mtoto ni nani?"

"Mélissa wetu. Amelala kwa chumba cha nyuma. Ana homa kidogo tangu asubuhi, ndiyo maana hukumusikia."

Mzee alikuwa ameshika rozari kwa kidole kwenye ushanga wa tatu, na hakusogea kwenda kwenye wa nne.

Nikamgeukia. "Ulijua. Uliniambia tuko watatu, na ulijua."

"Mwanangu alimupenda sana mutoto wake," akanijibu. "Analala peke yake kule kwa kaburi."

Nikaikimbilia ile kompyuta. Nikapiga kelele mbele ya kioo, nne, ni nne, nilikosea, tuko wanne. Picha ikanitazama tu. Nikachomeka waya, nikazima, nikawasha tena, ilie, iniulize tena. Ikatoa mlio mmoja mfupi ikafunguka vizuri, nzima kabisa, kompyuta nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nne, nikasema. Nne, nne. Dative alinishika mkono kwa nguvu.

"Nilikuambia usihesabu."

"Madamu, mchukue mtoto hospitali. Sasa hivi. Usingoje kesho."

"Toka."

"Nakuomba kwa jina la Mungu…"

"Toka kwangu, we mwanamke. Unaniletea mikosi kwa nyumba ya msiba."

Alinisukuma hadi getini, akanitupia mfuko wangu nyuma. Wakati ananisukuma tulipita dirisha la chumba cha nyuma. Nilisikia kikohozi. Kikohozi kidogo, kimoja. Mlangoni palikuwa na ndala ndogo za plastiki za njano, na nilikuwa nimezipita wakati wa kuingia bila kuziona. Fundi mzima, nimeona vumbi kwenye meno ya memori, sikuona ndala za mtoto.

Kesho yake, Ijumaa mchana, Patrick alivuka barabara tena. Safari hii alinitazama.

"Umesikia ya Mutanga Sud?"

"Sijasikia."

"Mutoto alikufa asubuhi. Homa."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaiweka mezani. Patrick akavuta stuli akakaa karibu, akashusha sauti.

"Ulisema ngapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu kumhusu.

"Ulijua," nikasema.

"Mi nilimusikia mutoto anakohoa wakati naingia. Nilijua tuko wanne, basi nilisema ine. Ile masini haikuwaka. Mukecuru, yule mama mzee, akaniambia nirudie, niseme pungufu. Nikakataa. Akaniambia basi nitume mwingine, ama yule marehemu atakuja kwangu Bwiza kuniuliza niko na watoto wangapi." Akafuta uso kwa kiganja. "Niko na watoto, Houda."

"Na mimi?"

"Nilijua we huamini hayo mambo. Nilifikiri utahesabu milio tu, utasema ine, utaenda zako. We huna mutoto. Ulikuwa na sababu gani ya kupunguza?"

Nilimfukuza, na tangu siku ile hatujasalimiana. Lakini jibu la swali lake ninalo. Kila mtu kwenye hadithi hii alikuwa anaficha mtoto wake. Wa Dative ndiye peke yake ambaye hakufichwa na mtu.

Jumamosi sikwenda. Nilisikia kwamba waliweka picha mbili mbele ya wageni badala ya moja, na zote zilitoka kwenye kompyuta ile, na kwamba mzee alikaa katikati yake, ametulia, akipokea pole za watu.

Sasa nina miezi minane. Mimba haikutoka. Haikuniumiza hata siku moja, na Hamimu anaswali rakaa za shukrani kila alfajiri. Mama yangu tulishamwambia, amenunua nguo, na amezikunja bila kuzihesabu. Simwambii mtu kwamba ninapoiona furaha yao naona ndala za njano. Nimelipata nililoliomba. Nalijua alilolipa mwenzangu.

Wiki iliyopita nesi kliniki aliniambia nianze kuhesabu mateke. Kila jioni nikae, nitulie, nihesabu mtoto anacheza mara ngapi. Nikamwambia siwezi. Akacheka, akasema, "Mama, ni mpaka kumi tu." Nikamwambia siwezi, akaandika kitu kwenye kadi yangu.

Hata hivyo siwezi kuzuia mwili wangu kusikia. Jioni ikifika, adhana ikianza, anapiga. Hapigi ovyo. Anapiga manne, sawa sawa, yameachana kidogo, halafu anatulia. Anangoja. Manne tena, anangoja. Nyumbani tuko wanne, Hamimu, mama, mimi, na yeye. Najua anachouliza, na najua kwamba jibu la kweli halimdhuru mtu. Juzi nilijikaza, nikasema jioni ya kesho nitakaa kitandani nitamjibu, niseme nne, yaishe.

Jana nikakaa. Adhana ikaanza. Nikafungua mdomo.

Yalikuwa matano, na wa tano simjui.